Naomba ushauri: kupima njia ya mbio za kilomita 10 kwa baiskeli

Wakuu, habari za leo. Njia tunaipima kwa kaunta ya Jones (kifaa kidogo kinachohesabu kila sehemu ndogo ya mzunguko wa gurudumu) iliyofungwa gurudumu la mbele, tairi 700x25. Kipenyo mara pai tumeshaachana nacho: kipenyo cha sm 67.4 kinatoa mzunguko wa m 2.117, lakini tairi likilemewa na mpandaji linabonyea, na kila mzunguko unasogea m 2.105 tu. Tofauti hiyo ya milimita 12 ingefanya njia iwe fupi kwa takriban meta 57!

Kwa hiyo tumenyoosha mstari wa meta 400 kwa utepe wa chuma na kuupita mara nne, mpandaji na upepo wa tairi vile vile. Wastani wa asubuhi ni hesabu 4,492, yaani 11,230 kwa kilomita. Ukizidisha kwa 1.001 ili njia isipungue, unapata 11,241.

Tatizo ni jua. Saa saba mchana, baada ya kupima, mstari ule ule umetoa 4,488. Lami imechemka, tairi limevimba, hesabu zimeshuka. Kwa kilomita 10 hiyo ni kama meta 9, karibu sawa na zile meta 10 za ziada zinazotokana na 1.001, ingawa hapa kosa linarefusha njia.

Tutumie wastani wa asubuhi na mchana, au namba kubwa? Na tairi gumu lisilo na upepo linasaidia kweli, au linarukaruka kwenye lami yenye kokoto na kuharibu hesabu? Kona tunazikata sm 30 kutoka ukingoni.