Naombeni ushauri: mji usiofikika kwa barabara nawafundishaje watoto?

Walimu wenzangu, habari za kazi. Darasa la tano nawafundisha Iquitos, Peru, mji mkubwa ndani ya msitu wa Amazon. Haufikiki ila kwa ndege au boti. Lami ipo, lakini inaishia mji mdogo wa Nauta, kama kilomita 100 hivi, basi. Kilichowavutia ni mtaa wa Belén: nyumba zimesimama juu ya nguzo, nyingine zinaelea juu ya magogo mto ukijaa. Sasa wananibana: mbona picha zinaonyesha mji umejaa bajaji, zilipitia wapi? Nikisema mtoni, hawaelewi. Ramani ya ukutani ina nukta tu (na imechanika hapohapo). Nijaribu mfano wa udongo kwenye beseni la maji? Darasa lina watoto 70, mnagawaje vikundi?