Naomba ushauri: Futurama niiangalie kwa mpangilio upi?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaoijua katuni ya Futurama vizuri. Niko Mwanza huku Igoma, jamaa wa banda la muvi kaniwekea katuni yote kwenye flashi ila folda ziko mbili na namba hazifanani kabisa. Moja ina sizoni nne za ule mwanzo wa 1999 mpaka 2003, nyingine episodi zilezile zimegawanywa sizoni tano, halafu zile muvi nne za 2007 hadi 2009 kuna sehemu zimekatwakatwa zikawa episodi 16 nazo eti ndo sizoni ya tano, sasa hapo ndo nachanganyikiwa.

Nimepekua mtandaoni nikaona Fox, kituo cha TV cha Marekani, walizirusha episodi bila kufuata mpangilio zilivyotengenezwa, wengine wanasema haina shida kila episodi inajitegemea. Mi sikubali sana, maana ile ya mbwa wa Fry (mhusika mkuu) anayemsubiri nje ya duka la piza (nililia, msinicheke) nasikia stori yake inaguswa tena kwenye muvi ya kwanza. Mdogo wangu ninayeangalia naye yeye anataka turuke muvi zote twende moja kwa moja zile episodi za 2010, hana subira huyo.

Sasa wakuu, nifuate zilivyotengenezwa au zilivyorushwa? Na tukiruka hizo muvi tutapotea kwenye mambo ya Fry na mwenzake Leela au kawaida tu? Mkijibu msinimalizie utamu tafadhali, ndo kwanza tuko sizoni ya nne.