Ramani imechapishwa bila Dodoma: programu inayopoteza majina kimya, na wakufunzi wasiotuonya

Ndugu wanajukwaa,

Nimejaribu kulimeza jambo hili na nimeshindwa. Wiki iliyopita ripoti niliyoishughulikia kwa miezi mitatu ilirudi kutoka kwa mchapaji ikiwa na ramani ya Tanzania isiyo na Dodoma. Jina halikukosewa herufi wala halikukaa vibaya. Halikuwepo kabisa, na nukta yake haikuwepo, na sote tulioipitia ramani ile hatukuona kasoro mpaka msomaji wa kwanza alipouliza makao makuu ya nchi yamekwenda wapi. Lawama nimebebeshwa mimi niliyechora. Sehemu yangu naikubali, kwa kuwa faili la miji lilikuwa mikononi mwangu, lakini sikubali kwamba kosa la aina hii linapaswa kuwa rahisi kiasi hiki na kutokea bila sauti yoyote.

Ramani niliichora kwa GMT (Generic Mapping Tools), ile programu ya kuchora ramani kwa kuandika amri badala ya kubofya, iliyoanzishwa Marekani na Paul Wessel na Walter Smith mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo hadi leo watu wa jiolojia, wa bahari na wa mitetemeko ya ardhi wanaitumia bila kulipa hata senti. Sisemi ni programu mbaya. Kwa mistari ya pwani, mwinuko wa ardhi na makadirio ya ramani, yaani namna ya kuihamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, sijapata nyingine ninayoiamini zaidi. Hasira yangu ni juu ya kazi moja tu, ya kuandika majina, yaani amri ya `text` ambayo zamani tuliijua kama `pstext`, na juu ya namna tunavyofundishwa kuitumia.

Nianze na Dodoma. GMT husoma longitudo kwanza, kisha latitudo, isipokuwa ukiiambia vinginevyo kwa chaguo la `-:`. Faili langu lilikusanywa kutoka kwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa ameandika mstari mmoja kwa kutanguliza latitudo, kama watu wengi walivyozoea kuzitaja. Mstari wa Dodoma ulisomeka `-6.17 35.74 Dodoma`. Kwa programu, hapo ni katika bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier huko Moroko. Kwa kuwa ramani yangu ilikuwa na mipaka ya `-R29/41/-12/-1`, nukta hiyo ilionekana iko nje na ikaachwa. Ikaachwa tu! Hakuna onyo kwenye skrini, hakuna hesabu ya mistari iliyorukwa, hakuna lolote la kumfanya mchoraji ageuze kichwa. Ninaelewa vizuri kwa nini nukta za nje huachwa, maana mtu anaweza kuwa na faili la miji ya dunia nzima na akataka nchi moja tu. Lakini neno moja la kuniambia kwamba kuna mstari ambao haukuchorwa lingemgharimu nani?

Tuje Pemba, ambako mambo yalikuwa kinyume: majina hayakupotea, yalipandana. Ramani ya upana wa sentimita 15 iliyobeba nyuzi 12 inaipa kila nyuzi sentimita 1.25. Wete na Chake Chake zinapishana kwa nyuzi 0.19 hivi za latitudo, ambazo kwenye karatasi ni milimita 2.4, na kutoka Chake Chake hadi Mkoani ni kama milimita 1.4 tu. Herufi za pointi 10 zina kimo kinachokula nafasi hiyo yote. Matokeo yake ni rundo jeusi ambalo hata Mpemba mwenyewe hawezi kulisoma. Bara nako, Kibaha iko chini ya milimita 5 kutoka Dar es Salaam, na jina la Dar es Salaam peke yake kwa herufi hizo lina urefu wa sentimita 2.3. Isitoshe, usipotaja egemeo, yaani upande wa jina unaoshikizwa kwenye nukta, programu huliweka jina katikati kabisa ya nukta, kwa hiyo kila mji uliandikwa juu ya duara lake wenyewe.

Hapa ndipo wajuzi watakaponijibu kwamba upangaji wa majina kwenye ramani ni tatizo gumu la hesabu, na kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta walikwisha kuonyesha kuwa hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata mpangilio bora katika kila hali. Nalijua hilo, na ninaliheshimu. Eduard Imhof, bingwa wa ramani wa Uswisi, aliandika kanuni za kuweka majina tangu miaka ya 1960, na hata yeye aliichukulia kazi hiyo kuwa ya jicho na mkono. Mimi siiombi programu inipangie majina. Ninachosema ni kwamba kupanga ni jambo moja na kugundua kuwa mawili yamegongana ni jambo jingine kabisa. Majina 60 yanatoa jozi 1,770, na kompyuta yoyote iliyo mezani leo inazipitia jozi hizo kabla hujapepesa jicho. Programu inayojua fonti, ukubwa wa herufi na mahali pa kila neno ina kila kinachohitajika ili iseme: Wete na Chake Chake zimepandana.

Mtwara ilinitesa kwa namna yake. Baada ya kuhangaika nikajifunza kuandika `-F+f10p,Helvetica+jLM -Dj0.15c/0`, ambayo huanzisha jina kulia mwa nukta na kuacha pengo dogo. Majina mengi yakatulia. Mtwara, iliyo karibu na ukingo wa mashariki wa ramani, ikakatwa mkia, kwa sababu maandishi yanayovuka fremu hukatwa. Ukiongeza `-N` hayakatwi tena, ila sasa yanapita juu ya fremu na kuvuruga tarakimu za longitudo. Dawa ilikuwa kuupa mji huo mmoja egemeo la `RM`, ili jina lilale upande wa kushoto, na hilo linataka safu ya egemeo ndani ya faili. Ukiandika `-F+f+j`, fonti hutangulia na egemeo hufuata. Ukiandika `-F+j+f`, mpangilio wa safu unageuka. Nimepoteza siku nzima kwa herufi mbili hizo.

Na siku hiyo nisingeipoteza kama ningefundishwa. Nililipa ada ya kozi, nikakaa darasani siku tano, na nilichopewa ni skripti, yaani faili la amri zilizokwisha kuandikwa, iliyorithishwa kutoka mkono hadi mkono tangu enzi za GMT 4, ambapo kila mstari wa `pstext` ulibeba ukubwa, pembe, namba ya fonti na egemeo kabla ya jina lenyewe. Toleo la 5 la mwaka 2013 lilihamishia hayo yote kwenye `-F`, na toleo la 6 la mwaka 2019 likaleta `gmt begin` na `gmt end` ili tuachane na msururu wa `-K` na `-O` uliotumika kuunganisha hatua za ramani moja. Mkufunzi hakutaja hata moja. Alipoulizwa kwa nini majina yanapandana, alijibu kwamba tutayarekebisha baadaye kwa mkono katika programu ya michoro. Basi tulikwenda pale kujifunza nini, ikiwa ramani ikibadilika mstari mmoja inabidi uanze upya kuyasogeza majina yote kwa kipanya?

Jambo moja zaidi, ambalo linatuhusu sisi waandishi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Jaribu kuandika Ng'ambo ya Unguja ndani ya amri iliyofungwa kwa alama moja ya nukuu. Dirisha la amri litaiona ile alama ya ng' kuwa ndiyo mwisho wa nukuu, na kitakachofuata ni vurugu. Ukiwa na alama mbili za namna hiyo katika mstari mmoja, zinafungana zenyewe kwa zenyewe na jina linachapishwa bila alama, bila kosa lolote kutajwa. Ng' si ng. Kuidondosha alama ni kuandika jina la mahali pengine. Ukinakili jina kutoka kwenye waraka wenye alama iliyopinda, toleo la zamani lililokuwa kwenye kompyuta zetu liliichapisha kama vikorokoro. Suluhisho ni dogo: weka majina kwenye faili lake, tumia alama iliyonyooka, na usiyaandike kamwe ndani ya amri. Dakika mbili za darasani zingetosha kulisema.

Kwa aliye katikati ya kazi kama yangu, kabla hujapeleka ramani popote endesha `gmt select miji.txt -R29/41/-12/-1 -Ir`, ukiweka mipaka ya ramani yako. Amri hiyo hutoa mistari iliyo nje ya mipaka. Nilipoiendesha kwenye faili langu, ikiwa nimekwisha kuchelewa, ulitoka mstari mmoja tu.

Wakufunzi mliomo humu, ninataka jibu lenu: ni nani kati yenu anayewaonyesha wanafunzi amri hiyo? Na kama kuna aliyeandika skripti inayopima visanduku vya majina, yaani nafasi ambayo kila jina linaichukua kwenye karatasi, na kutaja yaliyogongana, naomba aiweke hapa nzima, pamoja na namba ya toleo aliloitumia. Ramani yangu inachapishwa upya Jumatatu.