Loji ya ziwani au kisiwani kwa familia mwezi Juni: Ziwa Victoria, Tanganyika au Mafia?

MamaWawili

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaozijua loji za ziwani na za visiwani. Tunaondoka Dar es Salaam shule zikifungwa Juni, watu wanne: wazazi wawili, mtoto wa miaka 7 na wa miaka 13. Usiku sita, na bajeti ya kawaida.

Kwenye karatasi zimebaki sehemu tatu: Rubondo au Ukerewe kwa upande wa Ziwa Victoria, Kigoma halafu kushuka Mahale kuona sokwe, au Mafia, upande wa Utende. Watoto wanataka kuogelea kila siku, na mkubwa ana hamu sana ya sokwe. Picha za mitandaoni zote zinafanana: kitanda, chandarua cheupe, jua linazama. Niulize nini kabla ya kutuma malipo ya awali? Na kichocho ni cha kuogopa kiasi gani kwa mgeni wa siku chache?

---

MkaaZiwani

Karibu dada. Nianze na kichocho, maana hicho ndicho kitakachoamua kama watoto wataogelea ziwani au la, na loji nyingi hujibu kwa mkato tu: "hapa kwetu hakuna."

Mgeni wa siku moja anaweza kukipata, kwa sababu kinachohitajika ni ngozi kugusa maji yenye vimelea kwa dakika chache. Vimelea hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji tulivu, ya kina kifupi, yenye majani na matete, hasa karibu na vijiji ambako watu wanafua, wanaoga na kujisaidia. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takribani saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Yaani ule muda watoto wanapenda kuogelea, na pale penye mchanga laini na maji ya magotini, ndipo hatari ilipo zaidi. Ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo, ila haijaisha. Kuruka kutoka kwenye boti mbali na ufukwe ni afadhali kuliko kuingia kwa miguu.

Kwa hiyo usiulize "mna kichocho?" Uliza: mbele ya loji pana matete au mawe? Kijiji cha karibu kiko umbali gani? Mna bwawa la kuogelea lenye dawa ya klorini? Halafu uliza lile ambalo watu husahau: maji ya bafuni yanatoka wapi? Loji zinazovuta maji ya ziwa kwa pampu moja kwa moja hadi bombani zinakuogesha ziwani bila wewe kujua. Maji yakitulia kwenye tangi lililofunikwa kwa saa 48 bila konokono kuingia, vimelea hufa. Meneja anayejua kazi yake atakuambia ana matangi mangapi na yanajazwa kwa zamu gani. Akibabaika, jibu umepata.

Mkiogelea ziwani, msikimbilie dawa kesho yake. Praziquantel, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huipita. Nendeni kupima wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji kwa mara ya mwisho, na dozi ipangwe hospitali kwa uzito wa kila mmoja. Kabla ya hapo, mtoto akipata homa, kikohozi na vipele vya kuwasha, mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa ziwani. Asipoambiwa, atatafuta malaria tu.

Rubondo sasa. Kwa kuogelea, iondoe kabisa: mamba ni wengi na hairuhusiwi kuingia majini. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa chenye msitu mnene, kina nzohe (swala wa majini), tembo, twiga na ndege wa kila aina. Sokwe wapo, waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, ila msitu ni mkubwa na kuwaona hakuna uhakika kama kule Mahale. Ni mahali pazuri mno kwa watu wazima wanaopenda utulivu, kuvua sangara na kutembea msituni. Mtoto wa miaka 7 atachoka siku ya pili. Barabara kutoka Mwanza kwa sasa imekuwa nyepesi: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Mnapita Sengerema na Geita hadi Kasenda, jirani na Muganza wilayani Chato, halafu boti kama nusu saa.

Ukerewe ni kisiwa cha watu, mashamba na wavuvi. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu na ushee, au mnazunguka kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya mkavuke kwa kivuko hadi Rugezi. Malazi ni ya kawaida na bei yake ni ya kawaida. Baiskeli na matembezi vinatosha kwa siku mbili, si sita.

Kwa familia yako ningetazama jambo ambalo hukuliandika: Ghuba ya Speke, upande wa Lamadi. Huko kuna malazi ya ufukweni umbali mfupi tu kutoka lango la Ndabaka la Serengeti. Na Juni ndio mwezi ambao nyumbu kwa kawaida wako ukanda wa magharibi, kuelekea mto Grumeti. Mnalala ziwani, mnaogelea kwenye bwawa, alfajiri mnaingia hifadhini na jioni mnarudi. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 na hulipwa kwa namba ya malipo, si taslimu getini. Bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ndivyo vinavyowapa bei ya raia na ya mtoto.

Kuna na wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka kama moshi mweusi juu ya maji. Mara nyingi huibuka siku za mwezi mwandamo. Hawaumi, lakini taa ikiwashwa sehemu ya kulia iliyo wazi wanajaa kwenye sahani hadi chakula hakiliki. Uliza kama mgahawa na madirisha yana wavu.

---

KusiTanganyika

MkaaZiwani amemaliza upande wake. Mimi niseme kuhusu Mahale, na niseme wazi mapema: kwa watu wanne hawa, mwezi huu, haifai.

Kwanza umri. Mahale hawaruhusu mtoto chini ya miaka 12 kwenye msafara wa sokwe. Gombe, hifadhi nyingine ya sokwe huko Kigoma, ni miaka 15. Kwa hiyo Gombe hata mkubwa haingii, na Mahale mdogo atabaki kambini na mzazi mmoja kila siku ya matembezi. Mtalipia boti, kambi na hifadhi kwa watu wanne ili wawili waone sokwe. Pia mwenye mafua au kikohozi harudishiwi pesa wala haruhusiwi kuwasogelea, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Mnavaa barakoa, mnakaa mbali kama mita 10, na muda ni saa moja tu.

Pili, Juni sokwe bado wanatembea juu milimani. Wanashuka karibu na ufukwe zaidi Agosti hadi Oktoba. Juni unaweza kupanda mlima mkali saa tatu au nne kabla ya kuwafikia.

Tatu, kusi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na limenyooka kaskazini–kusini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini unalipata ziwa kwa urefu wake wote, na kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji ndivyo wimbi linavyokua. Kutoka Kigoma hadi Mahale ni zaidi ya kilomita 120, na mnakwenda mkilikabili wimbi uso kwa uso. Boti ya kasi inadunda, mgongo unauma, mtoto anatapika. Safari ambayo ziwa likiwa shwari ingekuwa ya nusu siku inakuwa ya siku nzima. Ukiona ratiba ya kurudi Kigoma jioni na ndege kesho yake alfajiri, ikatae. Wacha usiku mmoja mtupu Kigoma.

Kama mnataka Tanganyika bila Mahale, kaeni Kigoma mjini kwenyewe. Kusini mwa mji kuna vighuba vya mawe, maji yake yanaonekana hadi chini na samaki wadogo wa rangi wanacheza kwenye mawe. Vaa miwani ya majini tu, hata mtungi wa hewa huhitaji. Ya kichocho yaliyosemwa juu yanahusu na huku. Ukiona nyoka mwenye pete nyeusi shingoni anapita kati ya mawe, ni swila wa maji: anatafuta samaki, mpishe njia. Sokwe wa kijana wako msubirishe: mwakani atakuwa mkubwa zaidi, mpangieni Septemba.

---

MamaWawili

Asanteni sana, umri wa Gombe sikuujua kabisa, na hakuna wakala hata mmoja aliyeutaja. Mafia je? Kuna anayejua Utende mwezi Juni?

---

BamvuaNaMajiMafu

Dada, Mafia watu wengi wanaiuza kwa picha ya papa potwe, yule papa mkubwa mno. Hao ni wa Oktoba hadi Machi, upande wa Kilindoni. Juni hawaonekani, na yeyote anayekuahidi papa potwe Juni usimtumie hela.

Juni mnachopata ni kasa wakianguliwa kisiwani Juani (kuanzia Juni hadi Septemba), popo wakubwa wa kisiwa cha Chole, magofu, na kupiga mbizi kwa miwani ndani ya ghuba. Nje ya ghuba kusi linakuwa kali, vyombo haviendi kila siku.

Jambo la kuelewa kuhusu Utende ni maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanajaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na yanakupwa kabisa saa 4 au 5 asubuhi. Asubuhi yote mbele ya loji ni tope, majani ya bahari na mikoko. Hata mashua ya kuvuka Chole inakwama. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye mnaingia maji mafu: yanajaa kama saa 4 asubuhi, na hata yakikupwa hayaendi mbali sana. Kwa watoto wanaotaka kuogelea asubuhi, pangeni tarehe za maji mafu. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya ndege.

Ufukwe wa kuogelea saa yoyote hauko Utende. Mkitaka huo, nendeni Nungwi au Kendwa, Unguja. Lakini msiende Paje au Jambiani mkitegemea hivyo hivyo, kwani huko maji yakikupwa yanakwenda mbali mno, na Juni kusi linapiga uso kwa uso.

Usafiri: ndege ndogo kutoka Dar ni kama nusu saa, mzigo kilo 15 kwa kawaida, begi laini. Sanduku gumu linaweza kuachwa. Kwa bahari mnapanda Nyamisati hadi Kilindoni, saa nne hivi bahari ikiwa nzuri. Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari, getini mnalipa ada kwa kila mtu kwa siku. Uliza kama ada hiyo imo kwenye bei ya loji, mara nyingi haimo.

---

MkaaZiwani

Nimesahau jambo moja, na linahusu sehemu zote tatu: jaketi okozi la mtoto. Loji nyingi zina majaketi ya watu wazima tu. Uliza yana alama ya uzito gani, na kama lina mkanda wa kupita kati ya miguu. Mkifika, kabla ya kupanda boti, mvalishe mdogo, funga mikanda yote, kisha mshike kwenye mabega ya jaketi umwinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa: akianguka majini litamvuka kichwani na kuelea peke yake. Hapo boti isiondoke.

Chombo chenyewe kiwe na cheti cha ukaguzi cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), mashine ya pili ya akiba, na idadi ya abiria iliyoandikwa. Ziwa Victoria radi na dhoruba hupiga zaidi usiku hadi asubuhi mapema, kwa hiyo nahodha akisema tusubiri hadi saa 3, msimsukume.

Na picha: uliza za mwezi huu. Tangu 2020 maji ya Victoria na Tanganyika yamepanda sana, kuna loji zinazotangaza ufukwe wa mchanga uliomezwa siku nyingi. Mwombe meneja apige video ya dakika moja, atembee kutoka mlango wa chumba hadi majini bila kukata.

---

MamaWawili

Nimewaelewa. Tunaangalia Ghuba ya Speke usiku wanne na Mwanza usiku wawili, sokwe Septemba mwakani. Nimewaandikia loji mbili kuuliza matangi, wavu na jaketi la kilo 22. Moja imejibu kwa video. Nyingine imetuma tena ile picha ya kitanda.

---

KusiTanganyika

Chukua yenye video. Siku za Mwanza nendeni kisiwa cha Saanane mchana, boti ni dakika chache tu kutoka mjini. Malipo ya awali yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si namba ya simu ya mtu, na ankara iandike kama boti ni kwa kichwa au kwa chombo kizima. Kwa watu wanne tofauti ni kubwa.