Flashi imerudi na vairasi, ofisi imekataa faili: nani anajua wanapokea vipi?

Kutoka: Mlandege, Leicester

Assalaam alaykum jamaa wa barza.

Naomba msaada wa haraka. Nafuatilia cheti kipya cha kuzaliwa cha binti yangu, kile cha mkono kimekataliwa, na MN1 yake (ombi la uraia wa Uingereza kwa mtoto) imesimama kwa ajili ya karatasi hiyo tu. Kijana wangu wa Unguja alikwenda kwa sheha akapata barua, akaipiga skani kwenye steshenari moja ya Darajani, akaitia kwenye flashi na kuipeleka ofisini (siitaji, mnaijua). Wakaichomeka, wakaichomoa, wakamwambia ina vairasi, mwenyewe atume kwa baruapepe. Kijana akanitumia mimi kwanza. Laptopu yangu ikapiga kelele, "Trojan" na herufi chungu nzima baada yake, ikalifungia faili kabla sijaligusa. Nikamwambia aipige picha barua kwa simu, nikaituma hiyo. Jibu mstari mmoja: "Kiambatisho hakifunguki, wasilisha upya."

Maswali mawili. Hiyo Trojan ndiyo vairasi ile ile ya flashi au balaa jengine? Maana laptopu hii ndiyo yenye akaunti yangu ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) na benki. La pili, na ndilo kubwa: ofisi wanapokea nini, PDF au picha, na kwa anwani ipi inayojibiwa na mtu?

Kutoka: Mikunguni, Barking

Wa alaykum salaam kaka. Hizo ni mbili, si moja.

Ya flashi naijua kwa sura. Ukiifungua unakuta mafolda yako yote yapo, ila kila moja lina mshale mdogo chini pembeni, na ukubwa wake kilobaiti moja mbili tu. Yale si mafolda, ni njia za mkato. Mafolda yenyewe yamefichwa humo humo. Ukibofya, mnyoo unajiendesha kwanza, kisha unakufungulia folda lako vizuri kabisa, kwa hivyo huoni tofauti. Kompyuta ya steshenari inachomekwa flashi za mtaa mzima kutwa: mwenye kadi za harusi, mwenye mtihani wa skuli, mwenye CV, mwenye barua ya sheha. Msichana wa pale anabofya, anachapa, anachomoa, anaita "mwengine!" Mnyoo unahama wenyewe. Vairasi khasa hujibandika ndani ya faili jengine na kungoja mtu alifungue. Trojani haijizidishi kabisa. Inajifanya barua, unaiingiza mwenyewe.

Flashi itibu hivi: fungua kidirisha cha amri, na kama herufi ya flashi ni F, andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mafolda yatarudi. Zile njia za mkato futa, usizibofye. Na mwambie kijana aangalie jina kamili la faili alilokutumia. Windows ina tabia ya kuficha herufi za mwisho, ikawa unaona barua.pdf kumbe ni barua.pdf.exe. Kama antivairasi ililifungia kabla hujalifungua, laptopu haijaingiwa. Pasiwedi za UKVI na benki badilisha ukitaka kulala, lakini kwenye simu, mpaka laptopu uisake yote.

Kutoka: Bi Kikwajuni, Milton Keynes

Wanangu mnalifanya jambo dogo hili. Mimi nilikuwa zamu hospitali Ijumaa ile ya tarehe 12 Mei 2017, vairasi ya WannaCry ilipoingia NHS (huduma ya afya ya Uingereza). Skrini nyekundu, saa inahesabu kurudi nyuma, wanataka dola 300 za Bitcoin, na ukipitisha siku tatu zinakuwa 600. Simu za ndani zimekufa, majibu ya damu hayaonekani. Tukatafuta kalamu na karatasi, na wale vijana wa juzi hawajui hata chati ya karatasi inajazwa vipi, ikabidi sisi watu wazima tuwaonyeshe. Na yote hayo mtu mmoja kafungua baruapepe asiyoijua. Kwa hivyo Mlandege mwanangu, usifungue kitu.

Kutoka: Mpemba wa Wete, Toronto

Bi mkubwa, shikamoo, lakini hapo sikubali. WannaCry haikumngoja mtu afungue baruapepe. Iliingia kwa tundu la Windows, ile njia ya kompyuta kushirikiana mafaili, na ikipata moja inatafuta jirani zake yenyewe. Ni mnyoo kwa mwendo, mtekaji kwa kazi: inafunga mafaili, inadai pesa. Microsoft walishaliziba tundu hilo Machi mwaka ule ule, miezi miwili kabla. Zilizopatikana ni kompyuta ambazo hazikusasishwa, au za Windows za zamani mno.

Unayoifikiria wewe ni ILOVEYOU ya Mei 2000, iliyotokea Manila. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona TXT, wakadhani maandishi tu, hizo herufi tatu za mwisho Windows imezificha, kama alivyosema Mikunguni. Ukifungua, inajituma kwa kila mtu aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani. Aliyeitengeneza hakufungwa hata siku moja, Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kosa hilo.

Mimi nilikuwa intaneti kafe ya Shangani siku zile, tunalipa kwa nusu saa. Mwenye kafe kusikia tu redioni, akachomoa waya ukutani akatutoa sote nje. Nusu saa yangu anayo mpaka leo.

Kutoka: Bi Kikwajuni, Milton Keynes

Marahaba. Mimi nilikuwepo wodini, wewe ulikuwa Toronto.

Kutoka: Mpemba wa Wete, Toronto

Kuwepo wodini si kuwemo ndani ya seva, bi mkubwa. Nisamehe.

Kutoka: Ami wa Muscat

Yakhe mnagombania minyoo, watu wanaibiwa kwa mdomo. Dada yangu wa Ng'ambo alipigiwa na mtu anamtaja kwa jina la ukoo, anajidai wa kamati ya hitma, wanafungua kundi jipya la WhatsApp, tarakimu sita zitakuja kwenye simu yake amsomee. Akamsomea. Hapo hapo WhatsApp imehama. Magharibi ukoo mzima tukapokea: "Nimekwama, nitumie laki mbili, kesho narudisha." Wawili walituma. Mke wangu alikataa kwa sababu dada hajawahi kuomba kitu bila ya kuuliza kwanza watoto hawajambo. Sasa hiyo vairasi gani inayojua majina ya ukoo?

Kutoka: Mikunguni, Barking

Si vairasi yoyote, Ami. Hakuna programu iliyoingia kwenye simu ya dada. Huo ni utapeli wa OTP (namba ya siri ya mara moja), dawa yake ni kutia PIN ya hatua mbili ndani ya WhatsApp, na tarakimu sita hazisomwi kwa mtu hata akiwa imamu. Ukoo wake ni mmoja na "ile hela tuma kwenye namba hii." Nyumbani namba za matapeli hao zinapelekwa 15040. Huku Uingereza SMS unaipeleka 7726 na baruapepe report@phishing.gov.uk.

Na Mlandege, hapa ndipo uangalie zaidi ya flashi. Tangu BRP (kadi za ukaazi) zilipokwisha tarehe 31 Desemba 2024 tukahamia eVisa ya mtandaoni, hadaa zimepata soko: "eVisa yako imesimamishwa, bofya hapa uithibitishe." Ukurasa unafanana na wa UKVI mpaka nembo. Soma anwani kuanzia mwisho kuja mwanzo: kama kabla ya mkwaju wa kwanza (ukiacha ile miwili ya https://) haiishii na .gov.uk, funga.

Kutoka: Mtoto wa Chake (nimesharudi nyumbani, lakini bado nawasoma)

Nyie mlioko nje mnazungumzia baruapepe. Huku watu simu ndiyo kompyuta. Tangu X (Twitter ya zamani) ilipofungwa Mei 2025 kila mtu anatafuta VPN ya bure, ile programu ya kukwepa kizuizi, na APK (mafaili ya kuweka programu) zinatembezwa WhatsApp kutoka kundi hadi kundi. Kijana anaiweka, inamwomba ruhusa ya kusoma SMS, anabofya "ruhusu" kwa sababu anataka kuona mpira. VPN haina haja ya kusoma SMS zako! Inayotaka hivyo inangoja OTP ya benki au ya pesa za simu. Nimefuta kwenye simu ya mpwa wangu moja iliyokuwa inafungua matangazo yenyewe usiku, bando linakwisha kabla ya alfajiri, na bibi yake akawa anasema simu ina shetani.

Kutoka: Mpemba wa Wete, Toronto

Na bado TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) walitoa agizo Oktoba 2023 VPN zisajiliwe. Kisha siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, ikazimwa intaneti yenyewe, mwenye VPN na asiye nayo wakawa sawa. Siku zile mama yangu simpati, nakaa na simu mkononi kazini mpaka msimamizi akaniambia niende zangu nyumbani. Halafu mtu ananiambia tishio la usalama ni flashi ya Darajani.

Kutoka: Ami wa Muscat

Sema tena! Na wanataka tupeleke fedha nyumbani, uraia pacha hawataki. Huyo binti wa Mlandege akishapata hiyo MN1, akifika 18 ataambiwa achague.

Kutoka: Msimamizi

Jamani. Uraia pacha una uzi wake na umefungwa mara nyingi. Turudi kwenye swali la ndugu yetu.

Kutoka: Bi Kikwajuni, Milton Keynes

Swali lenyewe lina dawa, zimeni umeme. Mnaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika? Miezi mitatu Unguja nzima haina umeme wa gridi, hapakuwa na vairasi wala mtekaji. Nilikuja likizo mwezi wa pili. Mlango kwa mlango jenereta zinanguruma, Forodhani wanauza mishikaki kwa karabai, na kwetu Kikwajuni watu wameteremsha majamvi barazani usiku kucha, maana ndani hakulaliki. Maji ya kuvuta kwa pampu hakuna, tunachota kisimani. Nikisema nilifurahi mtaniona mwendawazimu. Lakini nilimjua kila mtoto wa mtaa kwa jina lake mwezi ule.

Kutoka: Mtoto wa Chake

Bi mkubwa wewe ulikuja likizo. Waulize waliokuwa na friji za samaki. Na sisi Pemba waya wetu wa Tanga ulikuja 2010 hiyo hiyo, kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya zamani na hakuna aliyetuandikia magazetini.

Kutoka: Mlandege, Leicester

Nawashukuru nyote. Laptopu nimeisaka kutwa, safi. Pasiwedi nimebadilisha kwa simu. Flashi kijana kaitibu kwa ile amri, mafolda yamerudi, na kumbe faili alilonitumia hakuwa amelitazama vizuri, lilikuwa humo flashini lina jina la barua, na herufi za mwisho ni exe kweli. Barua yenyewe ipo, PDF safi.

Sasa PDF au picha? Na kwa anwani ipi?

Kutoka: Ami wa Muscat

Wanangu wote watatu walipata kwa picha ya simu, 2016.

Kutoka: Mikunguni, Barking

2016 si leo, Ami, na wakati ule mtu alikuwa anakupokelea dirishani.

Kutoka: Mtoto wa Chake

Mie nimepita juzi ofisi ya huku Chake kwa jambo jengine. Mlangoni wamebandika karatasi: FLASHI HAZIRUHUSIWI. Ya kuhusu baruapepe hawakubandika kitu. Kuuliza, mmoja ananambia PDF, wa meza ya pili ananambia lete karatasi yenyewe, tutaipiga skani sisi.

Kutoka: Mlandege, Leicester

Basi barua ya asili kijana anayo, ila fomu lazima iwe na saini yangu ya mkono, nayo ipo huku. Nani anaondoka kwenda Unguja kabla ya mwisho wa mwezi? Bahasha tu, A4, haina uzito.

Kutoka: Bi Kikwajuni, Milton Keynes

Naondoka Jumanne kupitia Doha. Kilo zangu zimeshajaa, bahasha nitaitia kwenye mkoba wa mkononi. Niletee nyumbani Jumapili, usije baada ya isha, nalala mapema. Na isiwe bahasha yenye biskuti ndani, nawajua.