Waandishi wa Hollywood wakigoma mwezi wa tano, muvi na sirizi zitaanza kukatika lini?

mwenye_kibanda_arua

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko na kibanda cha muvi hapa Arua, mchana sirizi, jioni muvi mpya na VJ wangu (yule anayetafsiri muvi kwa sauti), wikendi mpira. Nasikia redioni kwamba waandishi wa Hollywood, wale wa chama cha WGA, mkataba wao na mastudio unaisha tarehe 1 Mei 2023 usiku na wameshapiga kura, karibu asilimia 98 wamesema kusipokuwa na makubaliano wanaweka kalamu chini.

Sasa swali langu ni la mtu wa biashara. Wakigoma wiki ijayo muvi zinakatika wiki ijayo au hayo ni mambo ya mwaka kesho? Mwenye nyumba anataka jibu kama nachukua na kile chumba cha pili, na wateja wangu ni vijana wa boda na askari wanaotoka zamu, hao wakikuta picha ya zamani mara mbili tu wanahamia ng'ambo ya barabara na hawarudi. Na anayejua anieleze pia hawa watu wanadai nini hasa, maana jirani anasema ni matajiri wanagombania pesa, mimi hilo sijalikubali.

mfuatiliaji_jinja

Kaka, kwa upande wa muvi mwaka huu usiwe na wasiwasi. Muvi ya kutoka mwezi wa saba iliandikwa zamani sana, ikapigwa mwaka jana au juzi, saizi iko kwa watu wa sauti na wale wa kompyuta wanaomalizia milipuko. Hao sio waandishi, wanaendelea na kazi. Pengo la muvi ukiliona utaliona 2024 na 2025, kwasababu ndo zile ambazo zilitakiwa kuandikwa sasa hivi.

Kinachokufa siku hiyo hiyo ni vile vipindi vyao vya usiku vya kuchekesha na mahojiano, vile vinaandikwa asubuhi jioni vinarushwa. Mgomo wa 2007 ulianza tarehe 5 Novemba na papo hapo vikaanza kurudia vya zamani. Ila hivyo kwako Arua sidhani kama kuna mtu anakuja kulipa kuvitazama.

Wewe ogopa sirizi. Zile za televisheni za kawaida kule Marekani zinaanza msimu mpya mwezi wa tisa, na waandishi wanakaa chumbani kuanza kuandika mwezi wa tano na wa sita, yaani ndio huu unaokuja. Mgomo ukivuka miezi miwili mwezi wa tisa unakuwa mtupu. Ule wa 2007 ulichukua siku 100 na wenye umri wangu wanakumbuka, Prison Break msimu wa tatu uliishia sehemu 13 tu, na sirizi ya 24 ilitakiwa kurudi Januari 2008 ikarudi Januari 2009, mwaka mzima watu wanauliza shujaa wake Jack Bauer yuko wapi. Na huo haukuwa mrefu kuliko yote, ule wa 1988 ulienda miezi mitano.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: muvi inaweza kuwa na skripti na ikaendelea kupigwa, lakini maneno hayarekebishwi. Kule muvi inaandikwa mpaka kwenye seti, mwigizaji anasema hii sentensi haikai mdomoni, mwandishi anabadilisha pale pale. Wakati wa mgomo huyo mtu hayupo. Quantum of Solace ya James Bond ilikutwa na mgomo skripti haijakaa sawa, Daniel Craig mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba yeye na dairekta ndio walikuwa wanajaribu kuandika upya sini, na yeye si mwandishi. Kwahiyo usihesabu tu zitakazochelewa, hesabu na zitakazotoka kwa wakati zikiwa zimelegea, maana mteja wa kibanda hajui mgomo, anajua tu leo picha ilikuwa mbaya.

dada_wa_sirizi

Naongezea hapo kwa kaka wa Jinja. Mgomo huu mastudio hawaogopi kama ule wa zamani na inaniuma kusema hivo. Netflix ina vitu vya Korea, Uhispania, Nigeria, India, na mkubwa wao Ted Sarandos mwezi huu huu amewaambia wawekezaji kwamba hataki mgomo lakini ukitokea wana akiba kubwa ya vitu kutoka nchi nyingi. Disney nao wako kwenye kupunguza wafanyakazi 7,000, Warner Bros. Discovery wana deni la kutisha. Kampuni iliyo kwenye kubana matumizi ukiiambia isilipe waandishi miezi mitatu haitakimbia mezani. Tena mikataba yao ina kipengele kwamba kazi ikisimama muda fulani studio inaweza kuvunja mikataba, 2008 walikitumia wakawaacha waandishi wengi waliokuwa na mikataba ya muda mrefu.

Kwa kibanda chako hii ina maana moja, Wakorea na Wanigeria hawagomi. Watu wetu tayari wanazipenda na VJ anazitafsiri vizuri kuliko hata za Marekani, kuna wamama hapa Mbale wanaacha sufuria jikoni kwa ajili ya sirizi ya Kikorea. Anza kuwazoesha wateja mapema, usisubiri pengo lifike.

mwandishi_kla

Naomba nijibu lile swali la pili maana ndilo linanigusa. Mimi naandika sehemu za tamthilia hapa Kampala, hii ni kazi yangu na watoto wanakula kwayo.

Jirani yako mwambie hivi. Chama kina waandishi kama 11,500 na wengi sio matajiri. Zamani sirizi moja ilikuwa sehemu 22 kwa msimu, mwandishi ana kazi karibu mwaka mzima, na ikirudiwa kwenye televisheni au ikiuzwa nchi nyingine anapata malipo ya marudio. Hayo ndiyo yalikuwa yanamvusha miezi ambayo hana kazi. Sasa zikaja za mtandaoni, msimu ni sehemu 8 au 10, kitu kinakaa pale miaka na dunia nzima inatazama lakini malipo ya marudio ni madogo na hayapandi hata kikitazamwa na watu milioni mia. Halafu studio inaita waandishi wachache, inawakalisha wiki chache waandike kila kitu kabla hata kipindi hakijakubaliwa, ikimaliza inawarudisha nyumbani, wakati wa kupiga picha hawaitwi kwahiyo hawajifunzi kuendesha kipindi. Na mwaka huu wameongeza lile la akili bandia, wanataka iandikwe kwenye mkataba kwamba mashine haitatumika kuandika skripti wala skripti zao kufundishia mashine. Watu wanaona ni jambo la mbali, mimi naona ndilo litakalofika kwetu kwanza kwasababu sisi hatuna chama cha nguvu ya kusema hapana.

Mimi nalipwa mara moja kwa kila sehemu, basi. Mwaka jana niko kwenye basi la Mbarara, skrini ya mbele inaonyesha sehemu niliyoandika, abiria wanacheka pale pale nilipokusudia wacheke, mama mmoja anamsimulia mwenzake kinachokuja. Niliona fahari kubwa, na sikupata hata shilingi, na kwenye mkataba wangu hakuna hata mstari mmoja unaosema ningepata. Wale wa Marekani wanapigania kitu ambacho sisi hatujawahi hata kukiomba, ndio maana nawaombea washinde.

Na kaka wa Arua, nakwambia kwa heshima, mnaotuonyesha vibandani pia hamtulipi. Wale wa Wakaliwood, studio ndogo ya muvi pale Wakaliga, Kampala, wanajulikana kwa kuuza DVD zao wenyewe nyumba kwa nyumba, wanakimbizana kuuza siku za mwanzo kabla hazijachomwa na wengine. Sikulaumu wewe peke yako, lakini liweke kichwani.

fundi_taa

Msisahau kwamba kura ya mgomo sio mgomo. 2017 walipiga kura hivi hivi, asilimia 96, na makubaliano yakapatikana usiku ule ule mkataba unaisha. Inaweza kutokea tena, ingawa safari hii pande mbili ziko mbali.

Mimi jicho langu liko tarehe 30 Juni. Siku hiyo ndio mkataba wa waigizaji na wa madairekta unaisha. Waandishi peke yao wakitoka, skripti zilizokamilika bado zinaweza kupigwa, lakini waigizaji wakitoka kamera inazimwa, hata kutangaza muvi iliyokwisha hawaendi, na studio haipendi kutoa muvi kubwa bila nyota wake kuonekana popote, hapo ndipo hata za mwaka huu zinaweza kusogezwa. Waandishi na waigizaji kugoma pamoja ilitokea 1960 na mpaka sasa, Aprili 2023, haijatokea tena.

Na sisi wa taa, madereva, wapishi wa seti, fundi wa mavazi, hatuko kwenye mgomo ila kazi yetu inasimama. Disney walipokuja kupiga muvi ya Queen of Katwe pale Katwe, Kampala, mwaka 2015 watu wengi wa mtaa ule walipata kazi. Mgomo mrefu ukitokea, miradi ya kuja huku mbali ndiyo inaondolewa kwanza kwenye bajeti. Hata hivyo niko upande wa waandishi, bila karatasi yao mimi taa ninamulika nini?

mwenye_kibanda_arua

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Chumba nachukua, lakini kwa miezi mitatu tu, nione hiyo tarehe 30 Juni imeamkaje. Sirizi za Korea naanza wiki hii saa za mchana.

mwandishi_kla, maneno yako nimeyapokea. Nataka Alhamisi usiku iwe ya muvi za Uganda peke yake, kiingilio tugawane na mwenye kazi. Sijui tu inafanywaje, naandikiana na nani, na mtu wa Kampala ataaminije hesabu ya Arua?

mwandishi_kla

Inawezekana ssebo, tena ni rahisi. Kata tiketi zenye namba, kila Alhamisi piga picha kitabu cha tiketi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, tuma zote mbili na pesa kwa simu usiku ule ule. Karatasi ya makubaliano iwe ukurasa mmoja, itaje jina la muvi, usiku mangapi, na nani anapata ngapi. Na VJ mjulishe mapema, kuna wenye muvi wanaotaka kumsikia kwanza. Nina watu wawili wenye muvi tayari ambao naweza kuwauliza kesho, niandikie ndani uniambie kibanda kinaingiza watu wangapi na projekta yako ni ya aina gani.