Septiki ya tofali, biodigesta au tanki la plastiki? Naanza msingi Tanga

Msingi_Mpya
Wakuu, habari za mchana. Mwezi ujao naanza msingi hapa Tanga, vyumba vitatu, vyoo viwili. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu: septiki ya tofali na shimo la kufyonza, biodigesta (kitanki kidogo chenye bakteria wanaokula uchafu), na wa mwisho anasema ninunue tanki la plastiki nifukie, kazi ya siku moja. Nichukue ipi?

Chemba4
Tanga ipi mkuu? Raskazone na Pongwe si ardhi moja. Mtakaa watu wangapi? Ukichimba wakati wa masika unakutana na maji futi ya ngapi? Kuna kisima karibu, chako au cha jirani? Gari la kunyonya majitaka litafika? Bila hayo tunapiga ramli.

Kokoto_Nusu
Biodigesta. Haijai, hainuki, eneo dogo. Imeisha hiyo.

Chemba4
"Haijai" ni maneno ya dukani. Bakteria hula sehemu ya uchafu, kinachobaki ni tope, na mchanga wa miguuni hauliwi na mdudu yeyote. Hapa kwetu wanasema waja leo waondoka leo, ila tope la chooni likija ndiyo limekuja. Na maji yanayotoka upande wa pili bado yana vijidudu, kwa hiyo shimo la kufyonza unalihitaji vilevile. Ukiingiza na maji ya kuogea kwenye kile kichombo kidogo, uchafu unasukumwa nje kabla haujaoza.

Msingi_Mpya
Samahani wakuu. Ni Sahare, kiwanja 20 kwa 25, watu 7. Kisima cha jirani kipo, umbali sijapima. Maji ya chini sijui, sijachimba.

Mtopetope
Sahare, halafu tanki la plastiki? Achana nalo. Kuna nyumba upande huohuo wa bahari walifukia la lita 3,000 wakati wa kiangazi, shimo kavu kabisa, wakarudishia mchanga na kupanga pevingi juu. Masika yakaingia, maji ya chini yakapanda. Choo kikaanza kurudisha, wakaita gari, likanyonya mpaka chini. Asubuhi pevingi zimenyanyuka kama kichuguu, tanki liko juu, bomba la inchi 4 limekatika kwenye maungio na majitaka yanatiririka chini ya msingi.

Sababu ni hesabu tu. Tanki tupu la lita 3,000 likizungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 3. Mita moja ya ujazo ya zege ina tani 2.4, lakini ikiwa ndani ya maji inabaki na 1.4 ya kukandamiza. Ukitegemea zege peke yake unahitaji mita za ujazo 2 na ushei, tena lifungwe na tanki kwa mikanda. Hapo bei ya "siku moja" imeshaisha. Septiki ya tofali nayo inaweza kuibuka ikiwa tupu, ila uzito wake unaisaidia. Kwenye maji ya juu, usinyonye mpaka chini katikati ya masika.

Kokoto_Nusu
Hao walifukia vibaya, tanki halina kosa.

Mtopetope
Kosa ndilo hilo mkuu, kutoliwekea uzito. Nani aliwaambia?

Chemba4
Kwa watu 7: lita 80 kwa mtu ni 560 kwa siku. Weka siku mbili, 1,120. Tope kadiria lita 40 kwa mtu kwa mwaka, miaka mitatu ni 840. Jumla kama lita 2,000. Ndani ifanye urefu 2.1, upana 0.9, kina cha maji 1.2, na sentimita 30 za hewa juu. Ukuta wa kati ugawe 1.4 na 0.7 (unene wake uongeze nje ya hiyo 2.1), tundu lake liwe katikati ya kina, si juu wala chini. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 7 hivi. Kote weka tii (kiungio cha bomba chenye umbo la T), ya kutokea izame sentimita 45, la sivyo mafuta yanayoelea yatakwenda kuziba mchanga. Plasta ndani, kisha niru (uji wa saruji wa kulainisha na kuzuia maji). Mifuniko miwili, na asiingie mtu humo hata ikiwa imenyonywa: gesi inaua.

Kwa vile hujaanza msingi, nyanyua sakafu ya vyoo sasa. Bomba linataka mteremko wa 1 kwa 40, mita 12 ni sentimita 30. Ukichelewa, bomba litaanzia chini na septiki itabidi ishuke mpaka kwenye maji ya chini.

Mwana_Ngamiani
Maji ya kuogea mnayatupa septiki kwa nini jamani? Yapeleke kwenye migomba. Yasilale kwenye ndoo zaidi ya siku moja, yananuka. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yana chumvi nyingi, udongo unaganda.

Kokoto_Nusu
Migomba Sahare, kwenye upepo wa chumvi? Panda mnazi.

Mwana_Ngamiani
Migomba ipo tele Sahare, tembea.

Msingi_Mpya
Na shimo la kufyonza nichimbe futi ngapi? Fundi kasema 15.

Chemba4
15 utakuwa unachimba kisima! Chini ya shimo mpaka maji ya masika iwe angalau mita 1.5. Sahare fikiria mitaro mifupi kwa kina, sentimita 60 hivi, bomba lenye matundu juu ya kokoto. Kwanza chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze, kilale usiku mzima, ujaze tena. Hesabu dakika maji yanaposhuka milimita 25. Yakizidi saa, hapafai. Yakishuka chini ya dakika, umefika kwenye ufa wa jiwe la matumbawe, na uchafu utakwenda kwa jirani bila kuchujwa. Umbali na kisima, mita 30.

Msingi_Mpya
Nimekwenda na futi kamba. Ni mita 19.

Mtopetope
Kutoka wapi? Kona ipi ya kiwanja?

Msingi_Mpya
Kona ya nyuma. Na mbele nilitaka kuegesha gari, mitaro inaweza kupita chini?

Chemba4
Gari litakanyaga na kushindilia mchanga, hautafyonza. Weka picha ya kiwanja.

Kokoto_Nusu
Narudia, biodigesta.